Mcheza kwao hutunzwa: Raga ilivyotoka kwenye ridhaa hadi kwenye malipo

WANAHABARI wetu wa michezo wana maneno mawili ambayo tumeyazoea kiasi kwamba hatuyaulizi swali. La kwanza ni ‘ridhaa’ na la pili ni ‘kulipwa’. Tunasoma habari za ndondi za ridhaa na ndondi za kulipwa, soka ya ridhaa na soka ya kulipwa. Tukishasoma, tunalikunja gazeti na kwenda zetu.

Hebu leo tusiende zetu. ‘Ridhaa’ ni neno tulilolipata kwa Waarabu, nalo ni ndugu wa damu wa ‘radhi’, ‘kuridhia’ na ‘kuridhika’. Anayecheza kwa ridhaa anacheza kwa kuwa moyo wake umekubali. Hakuna aliyemlazimisha wala aliyemnunua. Waingereza nao, ili kumtaja mchezaji wa aina hiyo, walichukua neno la Kifaransa lenye mzizi wa Kilatini, na maana yake ni mtu apendaye. Kwao mchezaji huyo ni mpenzi wa mchezo, kwetu ni mtu aliyekubali kucheza.

‘Kulipwa’ ni kitenzi katika kauli ya kutendwa. Na kauli ya kutendwa, kama mwalimu yeyote wa sarufi atakavyokwambia, humpa msemaji nafasi ya kumficha mtenda. Tukisema ‘mchezaji wa kulipwa’, hatulazimiki kusema analipwa na nani, wala pesa hizo zilikuwa zikienda wapi kabla hazijamfikia.

Nimeuchagua mchezo wa raga ili tuyapime maneno haya kwa historia, kwa sababu ndio mchezo uliopasuka vipande viwili kwa ajili yake na kukaa hivyo karne nzima. Vitabu husema kwamba raga ya wachezaji 15 iligeuka kuwa mchezo wa kulipwa mwaka 1995. Kisheria, tarehe hiyo ni sahihi. Hoja yangu, hata hivyo, ni kwamba pesa zilikuwa ndani ya raga tangu mashabiki walipoanza kutozwa kiingilio langoni. Kilichopiganiwa kwa miaka mia moja ni ruhusa ya kuzigusa.

Mchezo wa watoto wa mabwana

Raga ilipata jina lake kutoka kwa shule ya Rugby huko England, ambako wanafunzi waliziandika kanuni zao za mpira kwa mara ya kwanza mwaka 1845. Wengi wetu tumesikia kisa cha mwanafunzi William Webb Ellis, ambaye eti mwaka 1823 aliudaka mpira, akaukumbatia na kutimka nao. Ushahidi wa kisa hicho ni haba sana. Kinachofaa kuangaliwa ni wakati kilipopewa uzito. Wanafunzi wa zamani wa shule hiyo walianza kuchunguza rasmi chimbuko la mchezo mwaka 1895, mwaka uleule ambao, kama tutakavyoona, klabu za kaskazini zilijitenga. Mtu huitafuta hati ya shamba pale jirani anapoanza kulilima.

Chama cha Raga cha England kiliundwa jijini London tarehe 26 Januari 1871 na wawakilishi wa klabu 21. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa na mawakili watatu, wote wakiwa wanafunzi wa zamani wa Rugby. Siku hizo hata hesabu ya alama haikuwa hii tunayoijua. Kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani hakukuleta alama yoyote. Kulikupa tu nafasi ya kujaribu kupiga mkwaju langoni. Ndiyo maana hadi leo tendo hilo linaitwa trai, yaani jaribio.

Kwa mabwana hawa, kucheza bila malipo hakukuwa mzigo. Jumamosi ilikuwa yao, na Jumatatu pia ilikuwa yao. Akivunjika mguu, bwana alikaa nyumbani akasoma magazeti mpaka mfupa ukaunga. Aliridhia kwa sababu alikuwa na uwezo wa kuridhia.

Jumamosi ya mfanyakazi

Sasa twende kaskazini, kwenye kaunti za Yorkshire na Lancashire, nchi ya viwanda vya nguo na migodi ya makaa ya mawe. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ilikuwa imeagiza kwamba wanawake na vijana wa viwanda vya nguo waachiliwe saa nane mchana siku ya Jumamosi. Polepole desturi ya nusu siku ikaenea kwa wafanyakazi wengine, na nusu siku hiyo ikahitaji burudani. Mwaka 1877 Yorkshire ilianzisha kombe lake. Miji ikaanza kupimana nguvu, umati ukajaa viwanjani, na kila aliyeingia akalipa.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Mchimba makaa akitakiwa kusafiri kwenda kucheza mji wa mbali, ilimbidi aondoke kazini mapema, na saa alizokosa zilikatwa kwenye ujira wake. Akiumia, hakuwa na ujira kabisa. Klabu ilikuwa na pesa za kiingilio mkononi, mchezaji aliyewavuta watu waliozitoa alikuwa akirudi nyumbani na pengo mfukoni. Klabu zikaanza kuwafidia wachezaji kimyakimya.

Soka ilipambana na jambo hilohilo na ikaamua mapema: mwaka 1885 iliruhusu wachezaji kulipwa. Wakuu wa raga walitazama wakaogopa. Waliona jinsi timu za wafanyakazi zilivyoanza kutamba katika soka na mabwana wakarudi nyuma. Mwaka 1886 wakapitisha kanuni kali za kupiga marufuku malipo ya kila aina. Wapo waliosema waziwazi kwamba mfanyakazi akitaka kucheza raga ajigharimie mwenyewe, kama anavyojigharimia starehe nyingine.

Ukali wa kanuni hizo unaonekana katika kisa cha Jack Clowes wa Halifax. Mwaka 1888 alichaguliwa kwenye kikosi cha Waingereza kilichokwenda kuzuru Australia na New Zealand. Alipewa pauni 15 za kununulia nguo na vifaa vya safari. Kwa pauni hizo 15 alitangazwa kuwa mchezaji wa kulipwa. Meli ilimchukua, ikampeleka hadi upande wa pili wa dunia, na hakuruhusiwa kucheza hata mechi moja. Waandalizi wa ziara hiyo walikuwa wameifanya kuwa biashara yao, na hilo halikumsumbua mtu.

Kwetu pwani kuna methali isemayo mcheza kwao hutunzwa. Kutunza huku si kule kwa kutunza nyumba. Ni kule kwa kumpa mcheza ngoma au mwimbaji wa taarab zawadi hadharani, noti mkononi au kifuani, huku watu wakishangilia. Hakuna anayesimama hapo na kudai kwamba mwimbaji aliyetunzwa ameacha kuupenda wimbo. Jamii iliyoitunga methali hiyo iliona kwamba mapenzi ya sanaa na haki ya kutuzwa vinaweza kukaa katika mtu mmoja. Mabwana wa London waliona vinginevyo, na sababu yao haikuwa mapenzi peke yake.

Kura 282 kwa 136

Tarehe 20 Septemba 1893, mkutano mkuu wa chama ulifanyika London. Wajumbe wa Yorkshire walileta pendekezo la kawaida sana. Hawakuomba mishahara. Waliomba mchezaji aruhusiwe kufidiwa ujira aliopoteza kwa kucheza, basi. Pendekezo lilianguka kwa kura 282 dhidi ya 136.

Miaka miwili baadaye, tarehe 29 Agosti 1895, viongozi wa klabu za kaskazini walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield. Klabu 22 zikajitoa na kuunda muungano wao wa kaskazini. Fidia waliyoikubali haikuzidi shilingi sita kwa siku. Msomaji atajiuliza: kweli mchezo mzima ulipasuliwa na shilingi sita? Ndiyo na hapana. Shilingi sita zilikuwa kizingiti. Aliyekubali kuzivuka alikubali kwamba mchimba makaa ana haki ya kusimama uwanjani sawa na wakili, bila kuadhibiwa kwa umaskini wake.

Tusidhani kwamba waasi hao walikuwa wanamapinduzi. Walipofungua mlango wa malipo mwaka 1898, walimtaka kila mchezaji awe na kazi nyingine ya halali, wakihofia vijana wasiofanya lolote ila mpira. Sharti hilo liliondolewa mwaka 1905. Mwaka 1906 walipunguza wachezaji kutoka 15 hadi 13 ili mpira uende kasi na mashabiki waburudike, na mwaka 1922 wakabadilisha jina la chama chao. Ndivyo tulivyopata raga mbili, ya 15 na ya 13.

Waliobaki kusini walilipa bei ya usafi wao. Nguvu kubwa ya timu ya England ilikuwa imetoka kaskazini. England iliyokuwa bingwa wa mashindano ya mataifa ya Uingereza mwaka 1892 haikupata tena ubingwa huo hadi mwaka 1910.

Pesa zilizopita dirishani

Adhabu ya ridhaa ilikuwa ya maisha. Aliyecheza raga ya 13, hata bila kupewa senti, alifungiwa mlango wa raga ya 15 mpaka afe. Na bado pesa, zikifungiwa mlango, hupita dirishani.

Chukua mfano wa Arthur Gould wa Wales, nyota mkubwa wa zama zake. Mwaka 1896 na 1897 mashabiki walimchangia, na mchango huo ukamnunulia nyumba mjini Newport. Bodi ya kimataifa ikasema hayo ni malipo. Wales ikajitoa kwenye bodi. Wakuu wa England, waliokuwa wamewafukuza wachimba makaa kwa ajili ya shilingi sita, waliitazama nyumba nzima wakaamua kuifumbia macho, kwa kuwa waliogopa Wales ingewafuata watu wa kaskazini.

Au chukua ziara ya New Zealand ya mwaka 1905, iliyolipa dunia jina la All Blacks. Kule Uingereza timu hiyo ilishindwa mechi moja tu, dhidi ya Wales, na viwanja vilifurika. Chama chao kilirudi na faida ya maelfu ya pauni. Mchezaji alipewa posho ya shilingi tatu kwa siku, na hata hizo Waskoti walizilalamikia. Karani mmoja wa posta kutoka Wellington, Albert Baskerville, alipiga hesabu hizo. Mwaka 1907 akakusanya wachezaji, kila mmoja akachangia pauni 50, wakazuru Uingereza kucheza na klabu za kaskazini na kugawana faida. Kwa lugha yetu ya leo, walianzisha chama, kama vile vyama vyetu vya kuchangiana. Baskerville alifariki kwa nimonia mjini Brisbane mwaka 1908, kabla ziara haijaisha, lakini tayari raga ya 13 ilikuwa imeota mizizi Australia na New Zealand.

Ufaransa nayo ilifukuzwa kwenye mashindano ya mataifa matano mwaka 1931, shutuma moja kubwa ikiwa kwamba klabu zake zililipa wachezaji kwa siri. Haikurudi hadi mwaka 1947. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1941, serikali ya Vichy iliyoshirikiana na Wajerumani iliipiga marufuku raga ya 13 nchini humo na kutwaa mali yake.

Vita vilivunja unafiki kwa muda. Jeshini, wachezaji wa raga mbili waliruhusiwa kucheza pamoja. Mwaka 1943 na 1944 walipambanishwa kwa kanuni za raga ya 15, na mara zote mbili wale wa raga ya 13 walishinda. Amani iliporudi, mlango ukafungwa tena.

Walioumia zaidi na mlango huo hawakuwa mabwana. Billy Boston, kijana mweusi wa Cardiff, alijiunga na Wigan ya raga ya 13 mwaka 1953 na akafunga trai 571 katika maisha yake ya uchezaji. Clive Sullivan, mwingine wa Cardiff, aliiongoza timu ya Uingereza ya raga ya 13 kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1972, mtu mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa timu ya taifa ya nchi hiyo. Timu ya raga ya 15 ya Wales haikumpanga mchezaji mweusi hadi miaka ya 1980. Mchezo uliojisifu kwa kuchezwa kwa mapenzi ulikuwa na masharti kuhusu ni nani apendwe.

Kufikia wakati huo mambo yalikuwa yamekaribia kichekesho. Kampuni za viatu ziliwapa wachezaji nyota pesa za siri ili wavae viatu vyao. Lakini Bill Beaumont, nahodha wa England aliyestaafu mwaka 1982, alipochukua malipo ya kitabu cha maisha yake, alitangazwa kuwa mtu wa kulipwa na kuzuiwa kuutumikia mchezo. Yaani kuuza miguu kwa siri kulivumilika, kuuza kumbukumbu zako hadharani kukawa kosa. Na migodi ya Wales ilipofungwa, vipaji vyake vilizidi kuhamia kaskazini. Jonathan Davies, nyota wa taifa hilo, alikwenda Widnes Januari 1989.

Paris, Agosti 1995

Kombe la Dunia la kwanza la raga lilichezwa New Zealand na Australia mwaka 1987. Kuanzia hapo, ridhaa ilikuwa imeshatiwa sumu. Televisheni ililipa, wadhamini walilipa, mashabiki walilipa. Wachezaji walifanya mazoezi kama waajiriwa na kuomba ruhusa kazini kama vibarua. Mei 1995 nahodha wa England, Will Carling, aliwatolea wakuu 57 wa chama chake neno la kashfa linalofaa kuachwa bila kutafsiriwa. Walimvua unahodha, kisha wakamrudishia baada ya siku chache, kwa sababu wachezaji wenzake walikataa kuchukua nafasi yake.

Moto wenyewe ulitoka Australia. Matajiri wawili wa vyombo vya habari, Rupert Murdoch na Kerry Packer, walikuwa wakiigombania raga ya 13 kwa ajili ya televisheni zao. Mikataba minono ikaanza kutolewa, na vyama vya raga ya 15 vikaona vitanyang'anywa wachezaji. Afrika Kusini, New Zealand na Australia zikaungana na kumuuzia Murdoch haki za kuonyesha mechi zao kwa miaka 10, kwa dola milioni 550 za Marekani. Mkataba ulitangazwa tarehe 23 Juni 1995. Kesho yake, uwanjani Ellis Park jijini Johannesburg, Nelson Mandela alivaa jezi nambari sita na kumkabidhi Francois Pienaar Kombe la Dunia, baada ya Afrika Kusini kuilaza New Zealand 15-12 katika muda wa ziada. Dunia iliona picha ya maridhiano. Wachache waliona kwamba siku moja kabla yake mchezo ulikuwa umeshauzwa.

Ila kulikuwa na kasoro moja katika mauzo hayo. Vyama viliuza mechi, na mechi huchezwa na watu ambao hawakuwa na mkataba na chama chochote. Walikuwa watu wa ridhaa! Kwa hiyo walikuwa huru kuondoka. Kundi lililoungwa mkono na Packer lilipita likiwasajili wachezaji wa nchi mbalimbali kwa shindano la dunia ambalo lingewalipa vizuri. Vyama vikabanwa. Ili kuwazuia wachezaji ilibidi viwalipe, na ili viwalipe ilibidi viifute sheria ambayo vilikuwa vimeilinda kwa karne moja. Mwishoni mwa Agosti 1995, bodi ya kimataifa ilikutana Paris, na mwenyekiti Vernon Pugh, wakili kutoka Wales, akatangaza kwamba raga sasa ni mchezo huru. Zilibaki siku chache tu mkutano wa Huddersfield utimize miaka mia moja.

Yalinganishe matukio hayo mawili. Mwaka 1893 wachezaji waliomba fidia ya ujira na wakanyimwa kwa jina la maadili. Mwaka 1995 maadili yaliondolewa kwa miezi miwili, mara tu waliokuwa na hatari ya kupoteza mali walipokuwa ni wakuu wenyewe. Hawakushindwa katika hoja. Walishindwa katika mnada.

Malipo na madeni

Je, kulipwa kumeleta nafuu? Kwa wengi, ndiyo. Mchezaji ana mkataba, ana daktari, na hahitaji kujificha. Wanawake walisubiri zaidi: England ilianza kuwapa wachezaji wa timu yao ya 15 mikataba ya kudumu mwaka 2019.

Lakini deni nalo lina riba. Matajiri walionunua klabu za England mara tu mlango ulipofunguliwa waligundua kwamba mishahara hupanda haraka kuliko kiingilio. Richmond, mojawapo ya klabu 21 za mwaka 1871, ilifilisika mwaka 1999. Worcester na Wasps zilianguka mwaka 2022, London Irish mwaka 2023. Na miili ya wachezaji, iliyokuwa ikigongana Jumamosi moja kwa wiki, sasa hugongana kwa ratiba ya kazi. Mwaka 2020 Steve Thompson, aliyekuwa kwenye kikosi cha England kilichotwaa Kombe la Dunia mwaka 2003, alisema hadharani kwamba hakumbuki ushindi huo. Ukilipwa kwa kichwa chako, ni haki uulize bei iliwekwa na nani.

Sisi hapa nyumbani

Kenya haimo nje ya kisa hiki. Raga ililetwa na walowezi. Mechi ya kwanza iliyohifadhiwa katika kumbukumbu ilichezwa Nairobi mwaka 1909. Walikuja na klabu, na baa ya klabu, na ada ya uanachama, na kanuni ya ridhaa ikiwa imefungashwa humohumo. Kucheza kwa mapenzi kulimfaa mwenye shamba la maelfu ya ekari. Klabu ya Mwamba, iliyoanzishwa na Waafrika, ilizaliwa mwaka 1977. Kwa Mwafrika aliyeishi kwa mshahara, ridhaa lilikuwa swali lilelile la mchimba makaa wa Yorkshire: nikiumia Jumamosi, Jumatatu nitakula nini?

Siku hizi klabu mbili zinazotamba katika Kombe la Kenya, KCB na Kabras, zinabeba majina ya benki na ya sukari. Timu yetu ya wachezaji saba iliishinda Fiji 30-7 katika fainali ya Singapore Aprili 2016, na nchi nzima ikaimba. Juni 2018, Paris, wachezaji wa timu hiyohiyo waliingia uwanjani wakiwa wameificha nembo ya mdhamini kifuani, wakilalamikia malipo. Ni jiji lilelile ambamo miaka 23 awali bodi ya dunia ilikuwa imetangaza kwamba enzi ya ridhaa imekwisha. Tangazo lilisafiri haraka, hundi ikachelewa njiani.

Wako waliowakemea vijana wale, wakisema mzalendo hudai mwisho wa safari, hadai katikati. Mimi nasema tuiangalie sarufi. Anayewaambia wachezaji wacheze kwa ridhaa ataje ridhaa ya nani, kwa maana haiwi ridhaa ikiwa mmoja ndiye anayeridhia na mwingine ndiye anayekusanya kiingilio. Na anayewaahidi kuwa ni wa kulipwa aitoe sentensi kwenye kauli ya kutendwa, amtaje mtenda, ataje kiasi, ataje na tarehe.

Methali yetu haikuweka sharti kwamba mcheza kwao atunzwe akishinda. Wala haikusema atunzwe wakuu wakimaliza kugawana. Ilisema hutunzwa, na kiambishi ‘hu-’, kama tunavyofundisha darasani, ni cha jambo la kila siku.